Mahari Iliyokwama Kilimani

"Uko wapi?"

"Chini ya gari."

"Nilijua. Kila nikipiga, uko chini ya gari. Siku nikifa watakupigia wakwambie, nawe utajibu ngoja nikaze nati hii kwanza."

Mudathir alitabasamu peke yake. Alikuwa kalala chali juu ya kipande cha katoni, simu kaibana kati ya sikio na bega, spana mkononi, na mafuta machafu yanamdondokea shingoni. Kisha akagundua kitu. Maulida alikuwa ananong'ona.

"Mbona sauti iko chini?"

"Niko bafuni. Nimefungulia maji yajae ndoo wasinisikie. Yule mfugaji wa Magindu kaja tena."

Spana ikasimama.

"Kufuata nini?"

"Kaleta samli na maziwa. Baba mdogo kamtandikia mkeka mpya, wamekula mchana pamoja wanacheka kama watu waliosoma darasa moja. Nimesikia kwa masikio yangu. Ijumaa ya mwisho ya Shaabani. Usipofika na gari lako likitembea, huna neno tena kwenye nyumba hii, na yeye anaoa siku hiyo hiyo. Hataki Ramadhani imkute hana mke."

"Nitafika."

"Na gari?"

"Na gari."

Maji yalimwagika kwenye ndoo huko Kisarawe. Mudathir aliyasikia kama yanamwagika kichwani mwake.

"Mimi sikuulizi gari, Mudathir. Nakuuliza wewe."

Alitaka kumjibu. Alitaka kumwambia, basi kama hutaki gari, kwa nini ulilitaka? Lakini akalimeza swali lile, kama alivyolimeza kila siku tangu siku ya posa, msimu wa korosho. Mwanaume hamuulizi mwanamke kwa nini amemuwekea sharti. Mwanaume analitimiza. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na alikuwa mtu wa kujisikiliza sana.

"Ndoo imejaa," Maulida akasema. "Nakata."

Mudathir akabaki pale chini, anaangalia matumbo ya gari. Upande wa kushoto matofali, upande wa kulia matofali, juu chuma. Alijiona kama maiti aliyezikwa kabla ya kuoshwa.

Mahali penyewe palikuwa gereji ya wazi pale Tangini, Kibaha, kivuli chake ni maturubai yaliyochanika. Mudathir alikuwa fundi wa bodi na rangi, na mkono wake ulikuwa na jina mpaka Mlandizi. Kama alinyoosha mlango wewe ukapita nao barabarani, hakuna aliyejua uliwahi kugongwa. Lakini hili gari lilikuwa habari nyingine. Lilikuwa gari la spoti la Kijapani, la milango miwili, chini chini kama linatambaa. Mwenye gari wa kwanza aliliingiza chini ya lori, akatoka mzima, akaapa halitaki tena machoni mwake. Mudathir akalinunua kwa bei ya vyuma chakavu. Lilikuwa limekunjwa mbele mpaka rafiki yake Eliya, fundi injini, akalipa jina la Bahasha.

"Toka huko, Bahasha haizai leo," Eliya akasema, akipiga teke tairi. "Alikuwa shemeji?"

"Ndiye."

"Anasemaje?"

"Ijumaa ya mwisho ya Shaabani."

Eliya akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa Mlutheri, lakini kwa sababu ya Mudathir alikuwa ameijua miezi ya Kiislamu kuliko waumini wengine.

"Mwanangu, injini inawaka, hilo niachie mimi. Breki zipo. Lakini boneti huna. Kioo cha mbele huna. Rejeta ni ya gari jingine, nimeifunga kwa waya na dua. Mlango mmoja mwekundu, mmoja mweupe. Hilo si gari la kuolea. Hilo ni la kukimbilia polisi."

"Nitapata boneti."

"Kwa pesa gani? Mifuko yako naijua, tunakula sahani moja."

"Nitapata."

"Kichwa hicho," Eliya akasema. "Kichwa hicho kingewekwa mbele badala ya bampa, lori lingeumia lenyewe."

Zamani, kabla ya posa, Maulida alikuwa akifanya kazi kwenye duka la vitabu na kalamu karibu na stendi ya Kibaha. Akitoka kazini alipita gerejini. Alivua viatu vizuri, akavaa kandambili za Eliya, akachukua msasa, akasugua bati mpaka vidole vikawa vyeupe. Hakulalamika. Alikuwa na ombi moja tu.

"Nikae kwenye usukani kidogo."

"Mpaka likamilike."

"Nakaa tu, siendi popote. Lenyewe haliendi popote."

"Hakuna atakayekaa hapo mpaka likamilike. Hata mimi sijakaa."

"Basi nitazeeka nimesimama," alisema, akarudi kwenye msasa wake.

Walipendana hivyo, kwa vumbi la msasa na utani. Maulida alikuwa yatima wa baba. Aliyemlea ni bibi yake, Bi. Mwamini, mama wa baba yake, pale Kisarawe, na mwenye sauti kwenye nyumba hiyo alikuwa baba mdogo wake, Hashiru, mwenye mikorosho Kurui na maneno matamu kama asali ya kutegea nzi. Mudathir alipotuma barua ya posa, baba mdogo alimwita Maulida arudi nyumbani. Binti aliyeletewa barua, alisema, hakai mjini kwa watu. Duka likaachwa, na tangu hapo Maulida hakutoka tena ila kwenda shamba.

Siku ya posa Mudathir alikwenda na mshenga wake, Yahya, mzee wa makamo mwenye ulimi laini. Njiani Yahya alimpa sharti moja.

"Wewe ukifika pale huna mdomo. Mdomo ni wangu. Muoaji hasemi. Wakikutukana, unaangalia mkeka. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Hakusikia. Walipokwisha kunywa chai, Hashiru aliweka kikombe chini.

"Yahya, kijana wako ana nini?"

"Kijana ana kazi ya mikono yake, ana afya, na msikitini wanamjua."

"Nasikia ana gari."

Watu barazani wakachekea kwenye vikombe.

"Nasikia," Hashiru aliendelea taratibu, "liko juu ya matofali, kuku wanatagia kwenye siti. Sasa mtoto wetu tutamsafirisha kwenye banda la kuku?"

Yahya aliweka mkono wake juu ya goti la Mudathir akalibana. Alichelewa. Damu ilikuwa imeshapanda.

"Siku nitakayomchukua Maulida," Mudathir akasema, sauti juu ya baraza lote, "nitakuja na gari hilo hilo, linatembea kwa moto wake lenyewe, mpaka kwenye mlango huu. Nisipokuja nalo, msinipe."

Yahya akafumba macho.

Hashiru hakukasirika, na hapo ndipo Mudathir alipopaswa kuogopa. Alisimama polepole, akajifuta kanzu.

"Wazee mmesikia. Sisi hatumlazimishi. Ngoja nikamuulize binti mwenyewe, maana mahari ni haki yake."

Akaingia ndani. Pazia likaanguka nyuma yake. Wakamsikia akikohoa, wakamsikia akisema maneno chini chini. Akatoka.

"Binti kakubali. Hiyo ndiyo mahari yake. Gari hilo, lifike mlangoni linatembea. Hataki kingine."

Mudathir alirudi Kibaha ana jiwe kifuani. Kujifunga mwenyewe alijua amejifunga. Lakini kwamba Maulida, aliyelijua gari lile mpaka skurubu, aliyeijua mifuko yake mpaka tundu, alikaa nyuma ya pazia akaikaza kamba ile kwa mkono wake! Hilo ndilo lililomchoma. Na kwa kuwa lilimchoma, hakulitaja. Na Maulida naye alipoambiwa na baba mdogo wake kwamba mwanaume wake amesema mwenyewe bila gari asipewe mke, lilimchoma, naye hakulitaja. Wakawa wanaongea kila siku wakilizunguka jambo lile kama watu wanaozunguka shimo la choo gizani.

Mchana mmoja Mudathir alikuwa anagonga bati la mlango, nyundo imemgeuza kiganja kuwa gamba. Akaketi, akaandika kwenye simu. Mashairi alijifundisha mwenyewe, kwa kuhesabu mizani vidoleni.

*Neno nililolisema, limenifunga shingoni*
*Siwezi kurudi nyuma, wala njia siioni*
*Nagonga bati na chuma, jasho latona machoni*
*Nisubiri kwa huruma, nitafika mlangoni*

Jibu lilikuja baada ya muda.

*Nimesoma. Vina viko sawa. Mizani iko sawa. Sasa niambie kwa maneno ya kawaida, wewe unanitaka mimi au unataka kumshinda baba mdogo?*

Aliisoma, akaizima simu. Eliya alimuona.

"Kakujibu kwa shairi?"

"Kanijibu kwa nyundo."

Shaabani ikaingia, ikaanza kwisha. Mudathir alipaka rangi magari ya watu mchana, na kila senti ikaingia kwenye Bahasha. Aliivuta chasisi kwa mnyororo na jeki, kafunga upande mmoja kwenye nguzo ya zege, anavuta, anapima kwa uzi, anavuta tena. Boneti hakuipata. Kioo hakukipata. Alikonda mpaka ovaroli ikamvaa yeye. Wateja walipomuamkia aliitika bila kuwaangalia. Kibaha nzima ilimbana, barabara ya Morogoro ikipita pale mbele na magari yanayotembea, yote ya watu wengine.

Siku ile simu ilipolia tena, hakukuwa na sauti ya maji.

"Niko nyuma ya nyumba," Maulida alisema. "Nasikiliza mlango kwa sikio moja. Gari likoje?"

"Linawaka. Halina kioo wala boneti."

"Basi njoo nalo hivyo hivyo."

"Siji kwenu na gari la viraka wanicheke."

"Basi njoo bila gari."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Na hapo jiwe likamponyoka kifuani likatokea mdomoni.

"Maulida, usinichezee. Mara njoo na viraka, mara njoo bila gari. Kama ulilitaka gari ungeniambia mimi, nikiwa nimekaa mbele yako. Si kumwambia baba mdogo nyuma ya pazia."

"Nimemwambia nini?"

"Siku ya posa. Alipoingia kukuuliza mahari. Akatoka akasema binti kakubali, gari lifike mlangoni linatembea, hataki kingine."

Mudathir alimsikia akivuta pumzi.

"Mudathir."

"Naam."

"Siku ya posa mimi nilikuwa Kurui."

Alisimama. Hakujua amesimama.

"Unasemaje?"

"Nilikuwa shambani na bibi, tunaokota korosho. Baba mdogo alitupeleka asubuhi na mapema, akasema wageni wanakuja keshokutwa. Tuliporudi jioni nilikuta vikombe vinaoshwa. Nikaambiwa wamekuja, wameondoka, na mwanaume wako kasema bila gari asipewe mke. Nililia mpaka bibi akaninyang'anya mto. Hakuna aliyeniuliza kitu. Ndani hamkuwa na mtu."

"Tulimsikia akiongea."

"Aliongea na kitanda."

Mudathir akataka kucheka, kikatoka kitu kingine. Miezi yote ile. Jasho lote lile, na hasira aliyokuwa analala nayo kama mke.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukuniuliza?"

Mudathir akaketi tena juu ya katoni.

"Sasa njoo," Maulida akasema. "Njoo kwa miguu. Mimi sikuweka sharti lolote."

"Mimi niliweka," akasema Mudathir. "Baba mdogo kaongopa, lakini mdomo uliosema msinipe ulikuwa wangu. Wazee wote walisikia."

"Basi huo mdomo wako uuoe wewe."

Mlango uligongwa huko. Akasikia kishindo, kisha sauti ya mwanaume, kisha simu ikafa. Baadaye kidogo ukaingia ujumbe, wote kwa herufi kubwa.

*USIPIGE TENA NAMBA HII. IJUMAA NJOO NA GARI AU USIJE. NENO LAKO HATUKUKUTUMA. HASHIRU.*

Ijumaa ya mwisho ya Shaabani walitoka Kibaha asubuhi. Mudathir kwenye usukani, kanzu nyeupe, kofia ya kushonwa kwa mkono, na usoni miwani ya kusagia chuma, kwa sababu upepo uliingia moja kwa moja pale ambapo kioo kingekuwepo. Pembeni yake Yahya, amejifunga shuka kichwani kama mtu anayeumwa jino. Eliya alijikunja nyuma, magoti masikioni, ana madumu ya maji.

"Mimi nimekuwa mshenga wa ndoa nyingi," Yahya alisema, akitema vumbi. "Hii ndiyo ya kwanza kuiendea nikila wadudu."

"Funga mdomo, mzee," Eliya akamwambia kutoka nyuma, "watapungua."

Walipita njia za ndani kuwakwepa trafiki. Waliposhika barabara ya Kisarawe, Bahasha ilinguruma vizuri, ya chini, ya kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu msimu wa korosho Mudathir alijiona mtu. Watoto walikimbia pembeni. Akapandisha gia. Mbele yao kilima cha kuingia mjini kikasimama.

Katikati ya kilima mvuke ulianza kutoka. Kidogo, kisha mwingi, kisha hakuona barabara.

"Zima," akasema Eliya.

"Tumebakiza kidogo."

"Zima, utaiua injini."

Akazima. Rejeta ya gari jingine ilikuwa imepasuka pale pale waya ulipoibana, na maji yanateremka barabarani kwa mfereji mwembamba, yakirudi Kibaha. Eliya alimimina dumu moja. Likatokea chini.

Lori la matofali lilisimama. Dereva akatoa kichwa.

"Nina kamba. Niwavute mpaka wapi?"

Yahya alimgeukia Mudathir kwa matumaini. "Tulivute mpaka karibu na kona. Pale tunafungua kamba, unaliteremsha kidogo mpaka mlangoni, linatembea lenyewe. Nani atajua?"

Mudathir alivua miwani. Iliacha miduara miwili safi kwenye uso wa vumbi. Alimtazama Yahya, akatazama kamba, akatazama kilima. Kamba ingeokoa neno lake. Neno lake lingekuwa la uongo kama la Hashiru, lakini lingekuwa limesimama. Akalikumbuka swali la kwenye simu. Unanitaka mimi au unataka kumshinda baba mdogo?

"Asante, kaka," akamwambia dereva. "Nenda tu."

"Unafanya nini wewe?" Yahya akauliza.

"Eliya, baki na gari. Mzee Yahya, twende kwa miguu."

"Ukafanye nini huko bila gari?"

"Nikayameze maneno yangu," akasema Mudathir, akaanza kupanda.

Baraza la Hashiru lilikuwa limejaa. Shehe amekaa mbele, wazee wamemzunguka, na pembeni, pamoja na msafara wake, yule mfugaji wa Magindu, mtu mnene mwenye uso wa upole, kanzu yake imenyooshwa mpaka inakata. Mudathir alipoingia na vumbi lake, maongezi yakakatika.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba," wakaitika, wakawapisha wakae mkekani.

Hashiru alitazama nyuma yake, barabarani, kulia na kushoto, kwa makusudi, kila mtu amuone anavyotazama.

"Gari liko wapi, mwanangu?"

Yahya alifungua mdomo. Mudathir akamshika goti.

"Liko kilimani, limekwama," akasema. "Nilisema hapa hapa nitakuja nalo linatembea. Nilijivuna, na nilijivuna mahali ambapo sikutakiwa hata kusema. Leo nayarudisha maneno yale mbele yenu nyie mlioyasikia. Nimekuja kwa miguu, kumuomba Maulida. Sina la zaidi."

Kuna waliocheka. Hakuangalia ni nani. Masikio yalimwaka moto, lakini kifuani, ajabu, palikuwa pameachia.

"Ulisema mwenyewe, nisipokuja nalo, msinipe," akasema Hashiru.

"Nilisema."

"Basi hatukupi. Yahya, mchukue mtu wako. Shehe, tuendelee na mgeni wetu."

"Nina swali moja, Shehe," akasema Mudathir. "Nikijibiwa naondoka."

Shehe alimtazama ile miduara ya uso. "Uliza."

"Siku ya posa baba mdogo aliingia ndani kumuuliza binti mahari yake. Namuomba aseme, alimkuta amekaa wapi?"

Hashiru hakusita. Mtu mwenye maneno matamu hasiti.

"Kwenye kitanda chake. Na bibi yake pembeni, anasikia kila kitu."

Pazia likavutwa. Bi. Mwamini alikuwa mdogo kama mtoto wa darasa la tatu, kanga mbili, fimbo moja, na sauti isiyolingana na mwili.

"Hashiru, mwanangu."

"Mama, haya ni mambo ya wanaume."

"Nataka kujua tu. Siku hiyo mimi nilikuwa Kurui, mgongo umekatika kwa kuinamia korosho zako, na huyu mtoto nyuma yangu ana kikapu. Sasa huyo bibi uliyemkuta kitandani, ulikuwa umemuingiza nani nyumbani kwangu?"

Baraza zima likatazama mkeka. Mmoja akakohoa kuficha kicheko, akashindwa.

"Mama, labda nimechanganya siku..."

"Umechanganya mtoto na ng'ombe."

Mfugaji wa Magindu alisimama. Wote wakadhani atapigana. Alirekebisha kofia yake tu.

"Mimi niliambiwa binti yuko huru, na ameridhika," akasema. "Kama hakuulizwa la yule, sidhani kama aliulizwa la kwangu."

"Hakuulizwa," akasema Bi. Mwamini.

"Basi mimi nimekula chakula cha watu bure. Ile samli iliyobaki, pikieni pilau." Akatoka na watu wake, na hakuna aliyekuwa na neno baya la kumsindikiza nalo.

Shehe akaweka tasbihi chini.

"Hashiru, mimi nisingefungisha ndoa juu ya kitanda kitupu. Bi. Mwamini, tafadhali, nenda ukamuulize. Anamtaka huyu? Na kama anamtaka, mahari yake ni nini?"

Bibi akaingia. Hakuna aliyekunywa kitu. Mudathir aliangalia mkeka, kama alivyofundishwa, na safari hii mdomo wake ulikuwa umefungwa kweli. Alihesabu mizani ya ubeti ambao hakuwa nao.

Pazia.

"Mke mwenzangu anasema anamtaka, Mungu amsaidie," akasema Bi. Mwamini. "Na mahari yake ni gari lile lile. Lilivyo. Lilipo. Na kaongeza: atalileta mlangoni mwenyewe, akiwa kwenye usukani."

"Gari bovu ni mahari gani?" Hashiru akasema. "Watu watatuambiaje?"

"Mahari ni yake, si yako," Shehe akamjibu. "Kaa, wewe ndiye walii. Mpe mkono huyu kijana."

Hashiru alikaa. Mbele ya mama yake, mbele ya Shehe na wazee wale wale aliowaita wasikie, hakuwa na mlango wa kutokea. Akautoa mkono. Mudathir akaushika, mkono mkavu, akatamka aliyotakiwa kutamka.

Alasiri ile watu wa Kisarawe waliona jambo. Baraza zima lilishuka kilima, wanaume mbele, wanawake nyuma na vigelegele, na katikati bibi harusi, hina mkononi, buibui juu ya gauni, kandambili miguuni. Eliya aliwaona wakija akadhani wanakuja kumpiga.

"Mwanangu," akasema, "nimewafanya nini?"

"Mahari hiyo, tumekuja kuichukua," Mudathir akasema.

Maulida alisimama mbele ya mlango mwekundu. Mudathir alikuwa ameshika kitasa. Vidole vilikataa kidogo, kwa mazoea.

"Mpaka likamilike?" akauliza Maulida.

Akafungua.

"Kaa."

Alikaa. Alishika usukani kwa mikono yote miwili, akautazama kilima pale ambapo kioo kingekuwepo, upepo ukampiga usoni bila kuzuiwa na kitu. Machozi yakamtoka akayaacha.

"Nifanye nini?"

"Fuata barabara. Sisi tunasukuma."

Wanaume wakapanga viganja kwenye bati. Hashiru alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Bi. Mwamini alimgusa kisigino kwa fimbo.

"Na wewe. Ulilitaka mlangoni, lisukume."

Akainama akasukuma. Bahasha ikatikisika, ikajongea, ikaanza kupanda, polepole, matairi yanakwaruza mchanga. Wanawake waliimba. Jasho la Mudathir lilidondokea bati alilolinyoosha kwa mkono wake, na kwenye kioo cha pembeni, kilichobaki nusu, aliona jicho moja la mkewe linamtafuta.

"Mume wangu," Maulida akaita kutoka mbele. "Uko wapi?"

"Nyuma ya gari."

"Nilijua," akasema, akakata kona kuelekea nyumbani.